Maji ya Kioo cha Mbele na Upepo wa Tairi la Akiba

Vifaa vya gari ni vya namna mbili. Kuna vile ambavyo vikiharibika gari husimama, na kuna vile ambavyo vikiharibika gari huendelea kwenda kana kwamba hapana lililotokea. Hivi vya pili ndivyo vyenye hila, kwa kuwa dereva huvizoea vikiwa vibovu, akaja kushtuka siku ya hatari. Mtambo wa kurushia maji kwenye kioo cha mbele ni wa kundi hili la pili. Gari lisilo na maji ya kioo huwaka, huenda na hupanda mlima kama kawaida. Kasoro yake haionekani mpaka lori lililo mbele limwagie dereva matope, naye yuko katikati ya kona asione mbele wala kando.

Wakazi wa Rwimbogo, sekta iliyo upande wa kusini wa Wilaya ya Rusizi, katika nchi iliyoitwa Cyangugu kwa miaka mingi, wana sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengi. Ziwa Kivu, lililo kaskazini yao, liko kadiri ya meta 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mto Ruzizi ukitoka ziwani humo huteremka mpaka bonde la Bugarama, ambako ardhi iko karibu na meta 950, mahali pa chini kuliko pote katika Rwanda. Huko chini kuna joto, mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji cha CIMERWA, na malori hupanda na kushuka usiku na mchana. Na anayesafiri kwenda Huye kwa barabara kuu hana budi kuupita msitu wa Nyungwe, ambako barabara hupita juu ya meta 2,000, na ukungu na manyunyu huweza kumkuta msafiri hata siku ambayo nyumbani kwake kulikuwa na jua.

Kwa hiyo gari moja, katika safari moja, huweza kukutana na vumbi, unga wa saruji, wadudu wa mpungani, matope na ukungu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti huleta vumbi, na masika ya Machi hadi Mei pamoja na mvua za vuli huleta matope. Hakuna mwezi ambao kioo cha mbele hakihitaji maji.

Makala haya yanawahusu hasa wale wenye magari ya zamani: Volkswagen yenye mgongo wa kobe, Peugeot, Land Rover na mengineyo ambayo baba aliyanunua akiwa kazini na watoto wakayarithi. Magari hayo yana mitambo ya maji iliyo tofauti na ya magari ya leo. Mmoja wao, ule wa Volkswagen, umefungamana na tairi la akiba kwa namna ambayo asiyeijua huweza kukosa maji na tairi kwa pamoja, tena kwa siku moja.

KIOO KICHAFU NI KITAMBAA MACHONI

Tufanye hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu meta 17 kwa kila sekunde moja. Dereva akizibwa macho na matope kwa sekunde tatu tu, gari litakuwa limekwenda meta 50 bila ya mtu kuliongoza kwa macho. Katika meta 50 za barabara ya milimani mna kona, mna watoto watokao shuleni, mna baiskeli iliyobeba ndizi, na mna mama aliyejitwika mzigo.

Wengi hudhani kwamba waipa peke yake yatosha. Sivyo. Waipa ni mpira unaosukuma kitu kilicholowa. Ikipita juu ya vumbi kavu haisafishi, bali husaga. Chembe za mchanga hukwama chini ya mpira na kukikwaruza kioo kwa mistari myembamba ya upinde. Mistari hiyo haionekani mchana wa kawaida, lakini jua la jioni likipiga kwa mbele, au taa za gari lijalo zikimulika usiku, kila mstari huwaka kama uzi wa moto, na dereva haoni ila mwanga. Kioo kikishakwaruzwa hivyo hakitibiki kwa kufuta. Na kioo cha gari la zamani, ambalo kiwanda chake kimeacha kulitengeneza, ni taabu kukipata na ni ghali kukinunua.

Ndiyo maana Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ulipotaja vifaa ambavyo gari linapaswa kuwa navyo, haukuishia kwenye waipa. Ulisema kwamba gari linalotakiwa kuwa na waipa liwe pia na mtambo wa kurushia maji kwenye kioo. Viwili hivyo ni ndugu: kimoja hulowesha, kingine hufuta.

JINSI MITAMBO YA ZAMANI INAVYOFANYA KAZI

Kila mtambo wa maji ya kioo, uwe wa zamani au wa leo, una viungo vile vile: chupa ya maji, chujio, kitu cha kuyasukuma maji, mipira ya kuyapitisha, na jeti, yaani vitundu vidogo vinavyoyarusha kwenye kioo. Tofauti kubwa iko katika kile kinachosukuma.

Namna ya kwanza ni pampu ya mkono au ya mguu. Dereva hubonyeza kitufe cha mpira kilicho kwenye dashibodi, au hukanyaga kibonyezo kilicho sakafuni, na nguvu ya kidole au ya mguu wake ndiyo inayoyasukuma maji. Magari mengi ya kazi ya zamani yalikuwa na pampu ya namna hii. Haina waya wala fyuzi, na ubovu wake aghalabu ni mpira uliopasuka au vali ndogo ya ndani iliyokwama.

Namna ya pili ni pampu ya umeme, ambayo ndiyo iliyoenea leo. Kimota kidogo hukaa chini ya chupa au kando yake, na dereva akibonyeza swichi maji huruka.

Namna ya tatu ni ile ya Volkswagen ya kobe, nayo ni ya ajabu kwa urahisi wake. Gari hilo halina pampu ya maji ya kioo kabisa. Katika magari ya mwanzo wa miaka ya 1960, chupa yenyewe ilijazwa upepo kwa pampu ya tairi, kama mtu ajazavyo baiskeli. Baadaye, kuelekea mwisho wa miaka hiyo, kiwanda kilitafuta njia nyingine. Tairi la akiba hulala mbele, chini ya boneti, jirani na chupa ya maji. Basi mpira mwembamba uliunganishwa kutoka kwenye vali ya tairi hilo mpaka kwenye kifuniko cha chupa. Upepo wa tairi hukandamiza maji yaliyomo chupani. Dereva akibonyeza kitufe cha waipa, njia hufunguka, na maji yaliyokuwa yakisubiri kwa nguvu huruka mpaka kwenye kioo.

Gari hili halikuwa mgeni katika nchi zetu. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen ilishinda mwaka 1954, ikarudia mwaka 1957 na tena mwaka 1962, katika matope ambayo yaliyashinda magari makubwa kuliko hilo. La mwisho la aina yake lilitoka kiwandani huko Puebla, Mexico, mwezi Julai mwaka 2003. Volkswagen walipoanza kuunganisha magari mjini Kigali mwaka 2018, yalikuwa magari ya zama nyingine. Mwenye lile la kobe hana budi kuwa mlinzi wake mwenyewe.

TAIRI LA AKIBA LISINYONYWE

Msomaji mwenye akili atauliza: upepo wa tairi ukitumika kurushia maji, je, siku ya pancha si tutalikuta tairi la akiba limelala?

Swali hilo watengenezaji walilijibu kwa mambo mawili. La kwanza, tairi la akiba hujazwa upepo mwingi kuliko matairi yaliyo barabarani, kadiri ya pauni 42 kwa inchi ya mraba. La pili, mpira ule unaounganisha tairi na chupa una vali ya kukatia. Upepo wa tairi ukishuka mpaka karibu na pauni 26 au 28, vali hujifunga yenyewe. Maji hukoma kuruka, lakini tairi hubaki na upepo wa kutosha kulitembeza gari. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho juu ya vipimo hivi, lakini kanuni ni hiyo.

Kanuni ni njema maadamu vali ni nzima. Lakini vali hiyo ina mpira mdogo ndani yake, na mpira wa miaka 50 hukauka, hupasuka na hukakamaa. Ikishindwa kufunga, kila dereva anapokisafisha kioo huwa anakula akiba yake bila kujua. Vile vile, kifuniko cha chupa kikivuja, upepo hutoka kidogo kidogo usiku kucha gari likiwa limesimama. Mwenye gari huona tu kwamba maji yamepungua nguvu. Hujisemea kwamba kioo kitafutwa kwa kitambaa na kwamba hilo si la haraka. Hajui kwamba kile kinachomwambia "maji hayaruki" kinamwambia pia "tairi la akiba halipo".

Kwa hiyo, katika gari hili, maji ya kioo ni kama kengele ya mlinzi. Yakiruka kwa nguvu, tairi la akiba lina upepo. Yakilegea, usiende safari kabla hujalipima tairi hilo.

Yapo majaribio mawili ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya kwa geji ya upepo tu. Jaribio la kwanza ni la kuvuja. Jioni, gari likiwa limepoa, pima tairi la akiba na uandike kipimo, kisha urudishe mpira wa chupa mahali pake. Usiguse kitufe cha maji. Asubuhi pima tena. Ikiwa kipimo kimeshuka zaidi ya ule upepo mchache unaotoka wakati wa kupima, pana mahali panapovuja. Paka povu la sabuni kwenye kifuniko cha chupa, kwenye maungio ya mpira na kwenye vali ya tairi. Panapotoa mapovu ndipo penye tundu.

Jaribio la pili ni la vali ya kukatia. Jaza tairi mpaka kipimo chake kamili, kisha rusha maji mpaka yakome kuruka, ukiongeza maji chupani kila yanapokaribia kwisha. Kumbuka tu kwamba kifuniko hufunguliwa baada ya kuutenga mpira kutoka kwenye tairi, nacho hulegezwa polepole, kwa sababu chupani mna upepo. Maji yakishakoma ilhali bado yamo, pima tairi. Likiwa na pauni 26 au zaidi, vali ni nzima. Likiwa chini zaidi ya hapo, vali haikati, nayo yataka kubadilishwa.

Kama vali mpya haijapatikana na safari haina budi kufanyika, uamuzi ni mmoja: tenga mpira kutoka kwenye tairi, funika vali ya tairi kwa kifuniko chake, na ubebe chupa ya maji na kitambaa safi ndani ya gari. Utasimama mara nyingi zaidi ili ukifute kioo kwa mkono, lakini hutalala porini kwa kukosa tairi.

Neno moja tena kuhusu tairi hili. Siku utakapolifunga kwenye gari, punguza upepo wake mpaka kipimo cha gurudumu hilo. Volkswagen ya kobe ina injini nyuma, na magurudumu yake ya mbele huhitaji upepo mdogo sana kuliko pauni 42. Tairi gumu kupita kiasi kwa mbele, katika lami iliyolowa, hulifanya gari lirukeruke na kuteleza. Na baada ya pancha kuzibwa, mtambo wa maji nao urudishiwe upepo wake, maana wengi husahau.

KUITAFUTA KASORO HATUA KWA HATUA

Maji yasiporuka, usianze kwa kununua kitu. Anza kwenye chupa ufuate njia ya maji mpaka kwenye kioo, kiungo kwa kiungo.

Kwanza, chupa. Je, ina maji? Swali hili huchekesha, lakini ndilo hujibu kasoro nyingi. Je, ndani mna ukijani au utelezi? Maji yakikaa miezi katika chupa inayopitisha mwanga huotesha mwani, nao huziba kila kilicho mbele yake. Toa chupa, tia maji ya moto kiasi, yasiwe ya kuchemka, pamoja na mchele mkavu konzi moja, tikisa kwa nguvu, kisha suuza mara kadhaa mpaka pasibaki hata punje. Mchele husugua pale ambapo mkono haufiki. Katika Volkswagen usijaze chupa mpaka mdomoni. Upepo nao unahitaji nafasi yake.

Pili, chujio. Aghalabu ni wavu mdogo mwishoni mwa mpira unaozama chupani. Lisafishe kwa mswaki wa zamani. Usilitupe kwa kudhani kwamba maji yatapita vizuri zaidi, maana taka litakayoiacha ipite ndiyo itakayoziba jeti.

Tatu, pampu. Ikiwa ni ya umeme, sikiliza. Ikinguruma na maji hayaji, kasoro iko kwenye mpira, chujio au jeti. Ikiwa kimya, tazama fyuzi, waya, na hasa mahali waya wa ardhi unapogusa bodi, ambapo kutu hujificha. Usiiendeshe pampu ikiwa kavu kwa muda mrefu, kwa kuwa maji ndiyo yanayoipoza. Na ikiwa unanunua pampu mpya kwa gari la zamani, uliza kwanza volti. Volkswagen nyingi za mwanzo zilitumia umeme wa volti 6. Pampu ya volti 12 itazunguka humo kwa uvivu, na ya volti 6 ikitiwa kwenye gari la volti 12 itaungua.

Nne, mipira. Kunja kila mpira kwa vidole. Ulio mzima hukunjika na kurudi. Uliokufa huonyesha nyufa au hukatika kama kijiti. Kiangazi cha bonde la Bugarama huuchosha mpira upesi. Tafuta pia mahali ulipobanwa na boneti au ulipopinda kwa ghafla. Mpira mpya uwe na tundu la ukubwa ule ule na ubanwe vizuri maunganoni, hasa katika Volkswagen ambako maji hukaa chini ya nguvu ya upepo saa zote. Mpira ukichomoka katika gari hilo, maji humwagika ndani, karibu na nyaya.

Tano, vali ya kuzuia maji yasirudi. Katika mitambo ya pampu, vali hii huyaweka maji karibu na jeti. Ikichoka, dereva hubonyeza mara mbili tatu kabla ya tone la kwanza kufika. Kuchelewa huko, mwendoni, ni meta nyingi za upofu.

Sita, jeti. Chomoa mpira kwenye jeti na ubonyeze. Maji yakitoka vizuri hapo, jeti imeziba. Izibue kwa sindano nyembamba au uzi mmoja wa waya laini, bila kulazimisha, maana tundu likipanuliwa maji yatamwagika badala ya kuruka. Ukoko mweupe wa chokaa huyeyuka ukiiloweka jeti katika siki kwa saa chache. Ukitumia upepo wa gereji, puliza jeti ikiwa imetengwa na mpira, kutoka nje kwenda ndani, ili taka irudi ilikotoka na isisukumwe kwenye pampu wala kwenye vali.

Mwisho ni kulenga. Maji yanapaswa kupiga sehemu ya juu kidogo ya eneo linalofutwa na waipa, kwa sababu gari likikimbia upepo huyashusha. Kazi hii inataka watu wawili, mmoja abonyeze na mwingine atazame, na mtoto wa miaka kumi aliyeketi kwenye kiti cha dereva, gari likiwa limezimwa na breki ya mkono imevutwa, huifanya kwa furaha kubwa. Jeti zenye kidude cha mviringo hugeuzwa kwa pini.

MAJI GANI YATIWE CHUPANI?

Hapa ndipo penye makosa mengi ya nyumbani. Sabuni ya unga haifai. Hutoa povu, huacha utando ambao jua huugeuza kuwa ukungu mweupe, na mabaki yake huganda kwenye jeti. Mafuta ya taa ni mabaya zaidi, kwani huvimbisha mipira na kuacha mafuta kwenye kioo. Dawa ya rejeta nayo isitiwe humo kamwe. Huharibu rangi ya gari na huacha kioo kikiteleza macho.

Maji ya mtoni na ya kisimani yana mchanga na chokaa. Yafaa maji ya mvua, au maji yaliyochemshwa yakapoa, yakachujwa kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili. Chombo cha kuyawekea kiwe ni cha kazi hiyo tu.

Maji matupu, hata yakiwa safi, hayatoshi, na sababu yake inagusa afya. Mwaka 1976, mjini Philadelphia nchini Marekani, askari wastaafu waliokusanyika katika mkutano wa chama chao cha American Legion walipatwa na homa kali ya mapafu, na 29 kati yao wakafa. Mdudu aliyeileta homa hiyo alipogunduliwa aliitwa Legionella, kwa jina la chama chao. Huishi katika maji ya uvuguvugu yaliyotuama, na humwingia mtu anapovuta hewa yenye vitone vidogo vya maji hayo. Mwaka 2010 wataalamu wa afya wa Uingereza walieleza kwamba miongoni mwa madereva, kutumia maji ya kioo yasiyotiwa dawa kulihusiana na kuugua homa hiyo. Chupa iliyo chini ya boneti, katika joto la bonde, ni mahali pa uvuguvugu pa kutosha.

Basi tumia dawa ya kusafishia vioo vya magari iuzwayo madukani, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, kikombe kimoja cha spiriti kwa vikombe kumi vya maji husaidia kuondoa mafuta na kuzuia uozo. Na bila kujali umetia nini, mwaga maji yaliyokaa muda mrefu, suuza chupa, kisha tia mapya.

Akina mama na akina baba wazingatie jambo hili: spiriti na dawa za vioo ni sumu, na baadhi ya dawa hizo zina rangi ya kupendeza kama soda. Zisihifadhiwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Ziandikwe jina, zifungwe, na ziwekwe juu ambako mtoto hafiki, mbali na jiko.

Kwa wanaopita nyuma ya malori ya saruji, tahadhari ni hii: unga wa saruji ukilowa kidogo huganda. Usirushe maji kidogo ukafuta. Simama mahali salama, mwagia kioo maji mengi mpaka unga utiririke, kisha ndipo ufute. Utando mwembamba uliokwisha kuganda hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji, halafu kioo kisuuzwe vizuri, pamoja na rangi ya gari iliyo chini yake.

WAIPA NAYO ISISAHAULIWE

Maji mazuri juu ya waipa mbovu ni kazi bure. Kila juma inua waipa na ufute mpira wake kwa kitambaa kilicholowa. Weusi utakaouona kitambaani ni ule ambao ungepakwa kwenye kioo. Mpira ukiwa na meno, umekakamaa, au unaacha mistari ya maji, badilisha kabla ya masika. Gari likikaa juani siku nyingi, weka kitambaa kati ya mpira na kioo. Katika Volkswagen za zamani waipa ni fupi; ukinunua ndefu kuliko ya asili itagongana na mwenzake au itakichosha kimota.

RATIBA YA NYUMBA

Ili haya yote yasibaki maneno ya gazetini, yagawanywe kwa siku, kama askari anavyogawa zamu.

Kila asubuhi kabla ya safari: bonyeza maji mara moja, tazama yanapopiga, futa kioo ndani na nje.

Kila juma: ongeza maji, futa mipira ya waipa, pima tairi la akiba pamoja na mengine manne, gari likiwa limepoa.

Kila mwezi: mwaga maji yote, suuza chupa, safisha chujio, kunja mipira uitazame.

Kila mwaka, kabla ya mvua za Machi: fanya majaribio yale mawili ya upepo, badilisha mpira uliochoka na waipa zilizokwisha. Mipira ya maji huuzwa kwa meta katika maduka mengi ya vipuri, nayo ni bei ndogo. Kifaa cha asili ukikitoa, usikitupe. Kifunge katika karatasi, andika ni cha nini, ukiweke. Fundi atakayekuja baadaye atahitaji kukiona ili atengeneze kingine mfano wake.

Askari hufundishwa kukagua silaha kabla ya kuihitaji, kwa kuwa wakati wa kuihitaji si wakati wa kuikagua. Kioo cha mbele hakina tofauti. Anayeondoka Rwimbogo alfajiri akiwa na familia yake ndani ya gari la zamani, apande Nyungwe katika ukungu au ateremke Bugarama nyuma ya malori, anahitaji mambo mawili yaliyo katika uwezo wake: kuona mbele, na kuwa na tairi la kumrudisha nyumbani. Katika Volkswagen ya kobe mambo hayo mawili yameunganishwa kwa mpira mmoja mwembamba kama kidole cha mtoto. Fungua boneti leo, uutazame.